Kitabu cha Avenyu

(Mazungumzo haya yalisemwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wakaaji wa kartie Murara, mjini Goma, waliokusanyika baada ya Salongo ya siku ya Posho. Tunayachapa kwa kuwa wandugu wengi wa kazi walikuwa huko juu mashimoni, hawakuweza kufika.)

Wazee wetu, mama zetu, wandugu wa kazi, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma,

Shefu wa avenyu ameniomba niseme juu ya chama chetu cha kutengeneza kartie. Najua mmechoka, makoleo yenu yangali na matope, na mama wengine wameacha chungu juu ya moto. Kwa hiyo sitazunguka. Chama chetu kimefanya kazi ya mitaro, kimefanya kazi ya taka, kimefanya kazi ya robine. Hiyo yote ni kazi nzuri na kila mmoja anaiona kwa macho. Leo ninawaomba tuanze kazi nyingine ambayo haionekani upesi: tuandike kitabu cha avenyu yetu. Tuandike nani alikaa wapi, tangu mwaka gani, mpaka wa kiwanja chake uko wapi, na nani anajua habari hiyo.

Ninasikia mtu anacheka. Anasema, karani anapenda karatasi kama mbuzi anavyopenda majani ya viazi. Ni kweli, mimi mkate wangu unatoka katika vitabu. Lakini ngojeni niwaeleze karatasi zinafanya nini kule kazini.

Gunia la koltani likishuka kutoka mgodini, halifiki kwenye mizani likiwa uchi. Lina etiketi ya shimo na etiketi ya mnunuzi. Kuna namba, kuna siku, kuna uzito. Mimi simjui aliyelichimba, sijui hata jina la mama yake, lakini mtu aliye mbali kabisa, ng'ambo ya bahari, akiuliza udongo huu umetoka wapi, kuna kitabu cha kumjibu. (Kama kitabu kinasema kweli siku zote, hiyo ni habari nyingine. Wale waliokwisha kuona magunia ya usiku wananielewa.) Basi ninauliza, wandugu. Gunia la udongo lina karatasi mbili. Mtu aliyeuchimba udongo ule, akirudi hapa Murara kwa mke wake na watoto wake, nyumba yake ina karatasi ngapi? Wengi wetu hatuna hata moja. Wengine wana kipande kilichoandikwa na shefu wa kartie wa zamani, kimekunjwa ndani ya Biblia, na wino umekwisha kukimbia.

Mtasema, lakini sisi tunajulikana hapa. Majirani wanatujua. Hilo ndilo nataka tuliangalie, maana mji huu wa Goma umekwisha kutufundisha mara nyingi kwamba majirani wanaweza kutawanyika kwa usiku mmoja.

Tuanze mbali kidogo. Goma ilianza kama kituo kidogo cha Bulamatari kando ya ziwa, kikitazamana na Gisenyi ya Wadachi. Mpaka ule tunaouvuka kila siku pale Petite Barrière ulipatanishwa na Wazungu mwaka 1910, nao waliukata huko Ulaya, katika chumba cha mkutano huko Brussels. Wakati wa Wabelgiji mji ulikuwa miji miwili. Wazungu walikaa kando ya maji penye upepo, sisi tukawekwa upande wetu juu ya mawe. Mtu mweusi hakutembea usiku katika mji wa Wazungu bila ruhusa. Ile sehemu yetu ya zamani ndiyo wazee wanayoiita Birere mpaka leo, na wanasema jina limetoka katika majani makavu ya migomba ambayo watu walijengea na kuezekea. Mnaona? Hakuna kitabu cha ofisi kilichotuwekea habari hiyo. Jina limeiweka. Na Mabanga, je? Kwa Kilingala ni mawe tu. Anayesema "mimi ni wa Mabanga" amekwisha kusema babu yake alilala juu ya nini.

Mwaka 1977, tarehe 10 Januari, Nyiragongo ilipasuka na ziwa lote la moto lililokuwa juu likamwagika kabla ya saa moja kwisha. Vijiji vya kaskazini viliteketea. Mji uliponea karibu. Kisha 1994, mwezi wa Julai, ndugu kutoka Rwanda walivuka kwa mamia ya maelfu katika siku chache, na kipindupindu kikaua watu wengi sana, maana juu ya makoro huwezi kuchimba choo wala kaburi kwa jembe. Wengi mlio hapa mliwazika. Baadaye vita vikaja, na watu wa Masisi, wa Rutshuru, wa Walikale wakashuka mjini wakitafuta mahali pa kuweka kichwa. Kila wimbi la watu lilijenga nyumba za mbao juu ya mawe, na kila wimbi lilipewa kiwanja na mtu fulani ambaye leo amekufa au amehama.

Sasa tuje mwaka 2002, kwa maana mzizi wa mashauri yetu ya viwanja uko hapo.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Ardhi ilipasuka katika ubavu wa kusini wa mlima, moto ukashuka kwa njia ya kiwanja cha ndege, ukafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ukapita katikati ya mji, ukaifikia hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na usiku ule ukaingia ziwani. Sehemu kama ya nane ya mji ikawa jiwe. Watu mamia ya maelfu walikimbia, wengine Gisenyi, wengine Sake, na zaidi ya laki moja hawakuwa na nyumba ya kurudia. Mimi nilibeba godoro na mdogo wangu. Mengine ya usiku ule kila mmoja wenu anayo yake, sitayasema.

Ninachotaka tukumbuke ni siku zilizofuata. Watu hawakungoja mashirika wala hema. Walirudi baada ya siku mbili tatu, mawe yangali moto, moshi ungali unatoka katika nyufa, na kandambili zinanata chini. Walirudi kwa nini? Kwa ajili ya kiwanja! Kila mtu alitaka kusimama juu ya mahali pake kabla mwingine hajasimama. Lakini mahali pako ni wapi? Mpaka ulikuwa mparachichi: umeungua. Mpaka ulikuwa ua wa minyaa: haupo. Mpaka ulikuwa mtaro: umejaa. Njia yenyewe haikuonekana. Kilichokuwa kiwanja kilikuwa chini ya jiwe, mita moja, mahali pengine mita mbili na zaidi, na juu yake jiwe jipya jeusi lisilo na alama ya mtu.

Ni nani aliyetusaidia siku zile? Si Kadasta. Ni wazee. Mzee mmoja wa avenyu yetu, Mungu amrehemu, alisimama juu ya makoro akahesabu hatua kutoka kona ya ukuta uliobaki wa jirani. Akasema, hapa ilikuwa duka la chumvi, hapa palikuwa na mlango wa Mama fulani, hapa watoto walichezea. Watu wakasimika fito mahali alipoonyesha kwa kidole. Viwanja vingi mnavyokalia leo vimesimama juu ya kumbukumbu ya mzee yule na wenzake wawili. Wote watatu tumekwisha kuwazika. Na hatukuandika hata mstari mmoja wa maneno yao.

Tangu hapo mashauri hayakukoma. Aliyekuwa na mita kumi na mbili anadai kumi na tano. Aliyekimbilia Bukavu akarudi mwaka 2005 alikuta mwingine amejenga. Mtoto wa marehemu amekua, anauliza, uwanja wa baba uko wapi. Wote wanakwenda kwa shefu wa kartie, kisha komine, kisha tribinali, na kila mlango una matabishi yake.

Na sheria, wandugu, haimngojei mtu aliyelala. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Leta, na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Karatasi kubwa katika sheria hiyo ni hati ya kuandikishwa ardhi, ile inayotoka kwa mlinzi wa vyeo vya ardhi, wanayemwita konservateri. Sheria hiyo iliweka kwamba miaka miwili ikipita tangu hati ile kutolewa, haiwezi kuangushwa tena. Unaweza kudai fidia tu. Sasa fikirini mtu wa Bisie au wa Rubaya, aliyekaa shimoni miezi minane, akarudi siku kumi, akaenda tena. Miaka miwili kwake ni safari tatu. Mwenye ujanja anaweza kupata hati juu ya kiwanja chake, akaikalia kimya, na siku anapoitoa kabatini muda umekwisha kupita. Ndiyo maana ninasema jambo hili linawahusu wandugu wa mgodi kuliko wote. Sisi ndio hatuko nyumbani.

Na kama mtu wa shimoni harudi kabisa? Mnajua udongo unavyoanguka. Hapa avenyu jirani kuna mama ambaye mume wake alibaki chini ya ardhi. Siku ya arobaini haijafika, ndugu za mume wakaleta mnunuzi aje kupima kiwanja. Mama alisema, kiwanja hiki tulikinunua pamoja, na mawe ya msingi niliyavunja mimi kwa nyundo. Wakamwuliza: karatasi iko wapi? Karatasi ilikuwa na jina la mume tu. Kilichomwokoa mama yule ni daftari la likelemba! Mtunza sanduku wa likelemba ya akina mama alikuwa ameandika, mwezi kwa mwezi, franka alizopokea mama huyu, na pembeni ameandika "za kiwanja". Mstari ule mdogo ulisomwa mbele ya wazee, na mnunuzi akarudi zake. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016, inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mume wake. Lakini mama yule hakuijua sheria, na ndugu za mume hawakutaka kuijua. Walichokiheshimu ni daftari.

Wazee waliofanya kazi SOMINKI, kompani iliyoundwa 1976 na kufungwa 1997, nao wanaweza kuwaeleza thamani ya mstari mmoja ulioandikwa. Waulizeni walivyohangaika miaka na miaka kudai hesabu yao ya mwisho, na mtu asiye na kitabu chake cha kazi alivyojibiwa.

Jambo hili si mawazo yangu peke yangu, wala si la Goma peke yake. Nairobi, huko Kenya, kuna chama cha watu wa mitaa maskini kinachoitwa Muungano wa Wanavijiji, kilichoanza mwaka 1996 wakati watu walipokuwa wanafukuzwa na mabomoa-bomoa. Wale hawakuwa na hati hata moja. Walifanya nini? Walijihesabu wenyewe. Wakaaji walikwenda nyumba kwa nyumba, wakaandika nani anakaa, tangu lini, anateka maji wapi, anayalipa bei gani. Wakachora ramani yao. Katika mtaa wa Mukuru habari hizo zilizokusanywa na wakaaji zilisaidia kuifanya serikali ya Nairobi, mwaka 2017, itangaze Mukuru kuwa eneo la mpango maalum, yaani pasibomolewe ovyo bali patengenezwe pamoja na watu wake. Mambo yao hayakwisha siku ile. Lakini jueni kwamba walioingia ofisini na daftari hawakutolewa mlangoni kama wale walioingia na malalamiko.

Na Dar es Salaam, mtaa wa Hanna Nassif, maji ya mvua yalikuwa yanaingia vitandani. Katika miaka ya 1990 wakaaji waliunda chama chao, wakajenga mitaro na njia kwa mikono yao, na kazi ile wakapewa wao kwa mkataba, wakalipwa wao, badala ya kompani ya mbali. Hili ninalisema kwa ajili ya vijana mnaolalamika kwamba Salongo ni jasho la bure. Ni haki yenu kulalamika. Lakini chama kisicho na vitabu safi hakiwezi kupewa mkataba na mtu yeyote.

Sasa nije kwenye neno gumu. Jana jioni mzee mmoja aliniita pembeni akaniambia: "Mwanangu, orodha ni kitu kibaya. Nimeona orodha zikifanya nini." Nilimsikiliza kwa heshima, maana anasema kweli. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu watu walisomwa katika karatasi wakauawa. Rwanda, 1994, kitambulisho chenye jina la kabila kilikuwa hukumu ya kifo barabarani. Hapa kwetu pia tumeona mtu mwenye silaha akiuliza nani anakaa nyumba ile na ametoka wapi. Tena kuna wale wa kodi, ambao wakipata orodha ya nyumba wanaihesabu kama mchungaji anavyohesabu mbuzi wa kuuza.

Kwa hiyo tumekaa na kamati, tumekubaliana mambo ambayo ninataka nyinyi wenyewe muyapige muhuri. Kitabu hakitaandika kabila la mtu wala mahali baba yake alipozaliwa. Kitaandika jina, mwaka wa kufika katika avenyu, jinsi kiwanja kilivyopatikana, vipimo, majirani wanne wa mipaka, na mashahidi wawili. Jina la mke litaandikwa kando ya jina la mume, si chini yake. Mpangaji ataandikwa kuwa mpangaji, asiogope, maana kumwandika kunamlinda naye asifukuzwe na mtu asiye mwenye nyumba. Kitabu hakitaonyeshwa kwa mgeni yeyote bila wazee watatu kukaa, na mmoja wao awe mama. Na mtu asiyetaka kuandikwa, aachwe. Salongo inaweza kumtoa mtu nyumbani kwa nguvu. Kitabu hiki hapana.

Mtu ameuliza, kwa nini tusiache ofisi zifanye kazi hii? Ndugu yangu, ofisi zifanye yao, nasi tufanye yetu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena jioni, moto ukasimama huko Buhene, karibu na kiwanja cha ndege, baada ya kuteketeza maelfu ya nyumba. Tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru makartie kumi yahame, na Murara ilikuwamo. Mnakumbuka barabara ya Sake ilivyojaa watu alfajiri ile. Ni wangapi walibeba karatasi za kiwanja? Nilimwona baba mmoja amebeba televisheni. Na mwezi wa Januari 2025, siku zile za masasi, umeme ulikatika, maji yakakatika, watu wakateka ziwani pamoja na yote yaliyokuwa yanaelea humo. Nyumba nyingi zilifungwa na wenyewe wakaenda, na wengine hawajarudi mpaka leo. Mimi sisemi leo juu ya nani alimpiga nani. Ninauliza tu: wakirudi, au watoto wao wakirudi, nani atawaambia mpaka ulikuwa wapi? Sisi tunaowajua tuko hai sasa. Mlima uko pale pale, na wanaoulinda katika Obsavatwari hawajatuahidi kwamba umelala.

Ndiyo sababu kitabu kitakuwa vitatu. Kimoja kwa mwandishi wa kamati, kimoja kwa mama wa likelemba, ambao wameonyesha kwamba wanajua kutunza. Cha tatu kitoke mjini kabisa, kiwekwe mahali ambapo lava haifiki. Mahali hapo kamati imepajua na haitapatangaza.

Pamoja na viwanja tutaandika mengine pia, kurasa za nyuma. Robine ya kona ilichimbiwa mwaka gani na nani walibeba mabomba kwa chukudu. Mtaro huu tuliosafisha leo ulianza wapi kabla ya 2002. Majina ya waliokufa siku zile, kwa wale wanaotaka majina ya wapendwa wao yasomwe. Vijana wa masomo watafanya kazi hii ya kuuliza wazee. Msiulize kama polisi. Leteni sukari kidogo, kaeni chini, acheni mzee aanze mahali anapotaka kuanza, hata akianza na habari ya ng'ombe.

Kazi itaanza siku ya Posho inayokuja, saa mbili za asubuhi, kwenye baraza la fundi wa mbao, mbele ya robine. Tutaanza na nyumba za juu, upande wa kiwanja cha ndege, tutashuka. Kila mtu aje na karatasi yoyote aliyo nayo, hata iliyochanika, hata risiti ya mabati. Asiye na karatasi aje na jirani. Mwenye mume au kaka shimoni ampigie simu kabla, amwulize vipimo, aandike pembeni. Daftari tatu zenye jalada gumu zimekwisha kununuliwa kwa franka za chama, na risiti ya duka iko kwa mtunza sanduku. Anayetaka kuiona amwombe sasa, kabla hatujaondoka hapa.